Samaki Mgonjwa Asiyetarajiwa Kupona: Yatupasa Nini?

  

Katika darsa yetu ya baada ya Isha tumeletewa suala na mama mmoja wa hapa mjini. Mwanawe ana umri wa miaka tisa, na kwa muda wa miaka mitatu amekuwa akifuga samaki mmoja katika tangi la kioo, wa wale waitwao samaki wa dhahabu. Sasa samaki huyo ameugua. Tumbo limevimba, magamba yamesimama kama ganda la nanasi, macho yametokeza, hali chakula tangu siku kumi na mbili, na amelala ubavu chini ya tangi akipumua kwa taabu. Mjomba wa mtoto amesema atupwe chooni na maji yamwagwe juu yake. Jirani amesema apelekwe baharini akaachwe huru. Mwalimu wa chuo amesema asiguswe, kwani roho ni ya Mwenyezi Mungu, naye ataitwaa kwa wakati wake. Na mtoto, kila arudipo skuli, humwuliza mamake: "Mama, je, aumwa? Na tukimwua tutaandikiwa dhambi?" Mama ataka kujua ni lipi la haki katika haya.

Lilipokwisha kusomwa suala hili, baadhi ya waliohudhuria walicheka. Hata mwandishi wa maneno haya alitabasamu, astaghfirullah. Samaki ni kitoweo chetu cha kila siku. Twamnunua sokoni kwa fungu, twampara, twamkaanga, wala hatuulizi aliumwa au hakuumwa. Itakuwaje leo tukae kitako kumfanyia darsa samaki mmoja mdogo asiyefika hata kiganja cha mkono?

Lakini tukirejea katika mafundisho ya Mtume wetu, twaona kuwa kicheko kile hakikuwa na mahali. Sahaba Anas (R.A.) alikuwa na ndugu yake mdogo, jina lake la heshima Abu Umair, naye alikuwa na kindege akichezea. Kindege kile kilipokufa, Mtume (S.A.W.) alimwona mtoto yule ana huzuni, akamwuliza khabari za kindege chake kwa maneno ya upole na ya kumbembeleza. Khabari hii wameipokea Bukhari na Muslim. Wanavyuoni wametoa ndani yake mafunzo mengi, na miongoni mwayo ni kuwa yajuzu kumfuga mnyama mdogo kwa ajili ya furaha ya mtoto, maadamu hateswi. Basi ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu hakuona haya kuuliza hali ya kindege, sisi ni nani hata tuone haya kuuliza hali ya samaki?

Tena iko tofauti kubwa kati ya samaki wa sokoni na samaki huyu. Yule wa sokoni alikuwa katika ulimwengu wake hata alipovuliwa. Huyu tumemfunga sisi. Hawezi kwenda kutafuta maji mengine wala chakula kingine. Sote twaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, aliyemfunga wala asimlishe, wala asimwache ajitafutie mwenyewe wadudu wa ardhini. Kosa la mwanamke yule halikuwa kufuga. Lilikuwa kumfunga kiumbe kisha kumwacha. Mwenye tangi la kioo nyumbani mwake ameichukua amana ya namna hiyo hiyo, ajue asijue.

Mtoto ameuliza: je, aumwa? Wazee wetu walikuwa wakisema samaki hana uchungu kwa kuwa hana sauti. Elimu ya siku hizi imeonyesha vingine. Katika mwaka 2003 mtaalamu wa Uingereza, Lynne Sneddon, pamoja na wenziwe, walieleza kuwa usoni mwa samaki aitwaye trauti mna mishipa ya fahamu ya kupokea maumivu, kama ile iliyomo katika wanyama wengine. Walipomtia siki kali au sumu ya nyuki katika midomo, samaki yule aliacha kula kwa muda wa saa kadha, akawa akipumua kwa haraka na kuyumbayumba, na wengine wakisugua midomo yao katika changarawe. Alipopewa dawa ya kutuliza maumivu, mambo hayo yakapungua. Wako wataalamu wasiokubali kuwa samaki huhisi kama tuhisivyo sisi, na hilo ni shauri lao. Kwetu sisi yatosha kwamba mwenye kuhadhari hamchezei kiumbe katika jambo la namna hii. Basi mtoto na ajibiwe kwa kweli: yamkini sana kuwa aumwa.

Sasa tuje katika wajibu wa kwanza, nao si kuua wala kuacha, bali ni kutibu. Na hapa hatuna budi kusema neno litakalowauma wengi. Samaki wengi wa nyumbani hawafi kwa ajali, hufa kwa ujinga wetu. Samaki wa dhahabu asili yake ni Uchina, ambako alianza kufugwa yapata miaka elfu moja iliyopita, naye akitunzwa vyema huweza kuishi miaka ishirini na zaidi. Sisi twamnunua, twamtia katika bakuli la kioo lisilotosha hata kuoshea mikono, na akifa baada ya miezi miwili twasema ndio ajali yake. Samaki hutoa sehemu kubwa ya uchafu wa mwili wake kwa njia ya mashavu, kwa namna ya amonia, ambayo ni sumu iunguzayo. Katika tangi lililokomaa wamo vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huigeuza sumu ile ikawa kitu chenye madhara machache, lakini vijidudu hivyo huchukua majuma kadha kuota na kuzagaa. Mtu akiliosha tangi lote kwa sabuni kila Ijumaa akidhani afanya usafi, huviua vyote, na samaki hubaki akiogelea katika sumu yake mwenyewe. Na maji ya bomba yana klorini, ambayo huviua vijidudu vile na kuyachoma mashavu ya samaki. Yataka yatiwe dawa ya kuiondoa klorini kabla ya kumwagwa tangini. Afadhali kubadilisha robo ya maji kila juma kuliko kuyamwaga yote kwa pamoja.

Tena si kila samaki aliyepinduka yu katika sakarati. Samaki aelekezaye tumbo juu, naye bado ala na macho yake ni maangavu, huenda ni kile kifuko cha hewa kilichomo ndani ya mwili wake tu kilichoharibika, na mara nyingi sababu yake ni kulishwa kupita kiasi. Huyo na anyimwe chakula siku mbili tatu, kisha apewe njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda, wengi hupona. Na wako wasiopona kabisa lakini wakaendelea kuishi wakiogelea upande. Kumwua samaki wa namna hii kwa kuwa amekuwa kiwete na haupambi tena ukumbi, hiyo ni dhulma, na twaiogopea isije ikajificha chini ya jina la huruma.

Ama samaki wa mama huyu, hali yake ni nyingine. Kuvimba tumbo pamoja na kusimama magamba mwili mzima si ugonjwa mmoja. Ni alama kuwa maji yamejaa mwilini, na aghalabu figo zimekwisha kushindwa kazi. Mwanzoni mwake huweza kutibika, kwa maji safi na dawa iliyotolewa na tabibu wa wanyama. Lakini yakifika magamba yote kusimama, na macho kutokeza, na samaki kuacha kula na kulala ubavu kwa siku nyingi, waponao ni wachache mno. Mama ametuarifu kuwa maji aliyabadilisha, na dawa alimpa siku saba, wala hapakuwa na nafuu. Basi amekwisha kutimiza yaliyompasa, na suala linalobaki ni lile la mwalimu wa chuo: je, twaruhusiwa kumpumzisha?

Mwalimu yule hakukosea katika kuogopa, nasi twamheshimu kwa khofu yake. Imepokewa na Nasai kutoka kwa Abdullah bin Amr (R.A.) kuwa atakayemwua hata shomoro pasipo haki yake, Mwenyezi Mungu atamwuliza, na haki yake ni kumchinja akamla, si kumkata kichwa na kumtupa. Na katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii imetajwa kuwa ni haramu kumchinja mnyama asiyeliwa, hata kama ni kwa kumpumzisha, kama vile punda aliyelemaa. Wafuasi wa Imamu Malik wao wameruhusu kumwua mnyama asiyeliwa akiwa amekatiwa tamaa. Kwa hiyo jambo hili lina ikhtilafu tangu zamani, wala si uzushi wa watu wa leo.

Lakini tuangalie vyema. Maneno ya madhehebu yetu yamesemwa juu ya mnyama asiyeliwa. Samaki huliwa. Samaki wa dhahabu ni wa jamaa ya karpu, samaki wa maji baridi, wala hapana aliyesema kuwa nyama yake ni haramu. Tena samaki, kinyume cha mbuzi na kuku, hana sharti ya kuchinjwa. Maiti yake ni halali kwa hadithi mashuhuri ya bahari. Na Imamu Nawawi, ambaye ndiye nguzo ya madhehebu yetu, amelieleza katika kitabu chake Rawdhat al-Talibin jambo ambalo wengi wetu tulilisoma tukalipita. Amesema kuwa kumchinja samaki ni makruhu, illa akiwa ni mkubwa ambaye uhai wake utarefuka baada ya kutolewa majini. Huyo yapendeza achinjwe, kwa ajili ya kumpumzisha. Na humo humo ameinakili kauli ya Sheikh Abu Hamid kuwa si halali kumtupa samaki hai katika mafuta yanayochemka, kwa sababu ya adhabu iliyomo.

Tutazame, ndugu zangu, hawa wanavyuoni wa karne zile walikuwa wakimtazama samaki kwa jicho gani. Walimwona akitapatapa juu ya mchanga, wakasema: maadamu hapana budi afe, basi na afe upesi. Sababu waliyoitaja si ulaji wala usafi wa nyama, ni kumpumzisha. Na sababu hiyo imo katika samaki wa mama huyu, na huenda imezidi, kwani yule wa mchangani hutapatapa kwa saa moja, na huyu ana siku kumi na mbili.

Ama hadithi ya shomoro, makusudio yake ni mwenye kuua kwa mchezo na upuuzi. Ndiyo maana Ibn Umar (R.A.) alipowapita vijana wa Kikureshi waliomfunga kuku na kumfanya shabaha ya mishale, aliwakumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani afanyaye hivyo. Mwenye kumpumzisha mgonjwa hachezi. Naye yumo chini ya hadithi ya Shaddad bin Aus (R.A.) iliyo katika Sahihi Muslim, kuwa Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila kitu, hata katika kuua na kuchinja, na kwamba mwenye kuchinja akitie makali kisu chake na ampumzishe mchinjwa.

Kwa hiyo rai yetu ni kuwa yafaa, wala hapana dhambi kwa mama wala kwa mtoto, maadamu matibabu yameshindwa na njia itumiwayo ni ya upole. Na mtu ambaye moyo wake hautulii kwa rai hii, akapenda kumwacha afe mwenyewe, hatumlaumu. Lakini huyo naye asidhani kuwa kumwacha ni kumsahau. Na amtie katika maji safi machache yasiyo na kina, ili asitaabike kupanda juu kupumua, amwekee mahali penye kivuli na kimya, wala watoto wasigonge kioo.

Mtu mmoja darsani aliuliza kwa hasira: mkifungua mlango huu kwa samaki, kesho hamtaufungua kwa mzee aliyelala kitandani? Suala hili lina maana, na jibu lake ni kuwa mlango huo haupo. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Jundub (R.A.) khabari ya mtu wa kale aliyekuwa na jeraha mkononi, akashindwa kustahamili, akajikata mkono, damu isikatike hata akafa, na Mwenyezi Mungu akamharamishia Pepo kwa kuiharakisha nafsi yake. Mwanadamu ana taklifu, na maradhi yake ni kafara ya madhambi yake, na saa moja ya mwisho huweza kuwa ndiyo saa ya toba yake. Samaki hana dhambi ya kufutiwa wala toba ya kungojewa. Mzee wako mpe dawa ya kutuliza maumivu, mgeuze ubavu, msomee, kaa naye. Haya mawili hayapimwi kwa mizani moja.

Sasa njia. Yale yaliyosemwa na mjomba na jirani yote mawili hayafai, ijapokuwa nia zao huenda ni njema. Kumtupa chooni ni kumhamisha kutoka maumivu ya tangi hadi maumivu ya kinyesi na giza, akafie huko pasipo kuonekana. Tumejipumzisha sisi, si yeye. Ama bahari, samaki huyu ni wa maji baridi, na maji ya chumvi humnyonya maji ya mwili wake hata akafa kwa taabu kubwa. Wala asitupwe katika bwawa au mto, huko ataacha maradhi yake kwa samaki wengine. Na akiwa mzima, huzaana akawadhulumu wenyeji wa mto ule. Kumweka juu ya meza mpaka akauke ni vibaya zaidi, kwani samaki wa dhahabu ni mstahamilivu ajabu wa kukosa pumzi, na kufa kwake huwa kwa muda mrefu. Kumtia akiwa hai katika friza vile vile. Chama cha Madaktari wa Wanyama cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, kimeyakataza haya: chooni, kugandisha polepole, na kumwacha nje ya maji.

Na njia ambayo mwongozo ule umeikubali miongoni mwa nyingine itawafurahisha watu wa pwani, kwani dawa yake yatoka Unguja na Pemba: ni mafuta ya karafuu. Yale yale ambayo bibi zetu walitutia katika jino bovu. Ndani yake mna dawa iitwayo eujenoli, ambayo kwa kiasi kidogo humlaza samaki usingizi, na kwa kiasi kikubwa humsimamisha pumzi akiwa katika usingizi ule ule.

Afanye hivi. Achukue bakuli, atie maji ya tangi lile lile, apate kujua ni lita ngapi, kisha amhamishe samaki kwa utaratibu. Mafuta hayachanganyiki na maji yenyewe kwa yenyewe, basi ayatie matone machache katika chupa ndogo yenye maji ya uvuguvugu, aitikise kwa nguvu mpaka maji yawe meupe kama tui. Ayamimine kidogo kidogo bakulini. Baada ya dakika chache samaki atapoteza mizani, atalala, wala hatashtuka akiguswa. Hapo ndipo aongeze dawa nyingi, kwa jumla isipungue nusu mililita ya mafuta kwa kila lita ya maji. Kuzidisha hakudhuru, kupunguza ndiko kubaya. Mashavu yakisimama kabisa asimtoe. Mwongozo wataka angojewe dakika kumi baada ya hapo, na sisi twashauri nusu saa, kwa ule ustahamilivu tulioutaja. Mwenye kutaka yakini zaidi amkate kichwa kwa kisu kikali baada ya hapo, au amtie katika friza, kwani sasa hana fahamu. Asimle, wala asimpe paka, kwa ajili ya zile dawa alizopewa, amfukie ardhini.

Mtoto je, aone? Twaona hapana haja ya kumlazimisha, wala haifai kumdanganya kuwa samaki ametoroka. Aambiwe kweli kabla ya jambo kufanywa, apewe nafasi ya kumtazama mara ya mwisho, na akitaka kulichimba lile shimo chini ya mwarobaini kwa mkono wake, aachwe. Asiruhusiwe kuyamimina mafuta. Hilo ni jukumu la mtu mzima.

Mama aliuliza pia, mwishoni mwa barua yake, kama maji yale ya bakuli ni najisi. La, si najisi, kwani maiti ya samaki ni tahiri katika madhehebu yetu. Ayamwage ardhini, wala asiyarudishe katika tangi, maana mafuta yaliyomo yatamdhuru samaki mwingine wamtiapo. Na bakuli alioshe kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu ya karafuu imalizike.